Kipa Aliyesimamishwa

Shangazi alipiga pasi gauni lake jeupe la kazi kila asubuhi, juu ya blanketi lililokunjwa mezani, na kila asubuhi mtoto wa kaka yake alikaa karibu naye akipaka viatu rangi na kuuliza maswali. Jina la mtoto huyo lilikuwa zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu darasa la pili watu wote walimwita Swali.

"Shangazi, kwa nini pasi inaunguza nguo lakini haiunguzi mkono wako?"

"Kwa sababu mkono wangu una akili ya kukaa mbali nayo," alijibu shangazi bila kuinua macho. "Kamkabidhi bibi chai yake, kisha uende shule kabla hujachelewa."

Shangazi alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa. Bibi aliishi nao na magoti yalimsumbua sana, ndiyo maana pale ukumbini palikuwa na kabati dogo la dawa. Swali alimpelekea bibi chai, akampigisha soga kidogo, kisha akachukua mkoba wake na gongo lake la kuchezea. Siku hiyo ilikuwa siku ya mazoezi.

Timu ya wasichana ya mpira wa magongo ilifanya mazoezi baada ya masomo, katika uwanja mgumu nyuma ya madarasa. Mpira wenyewe ulikuwa mdogo, mweupe na mgumu kama jiwe, na ukikupata kwenye muundi utacheza ngoma usiyoijua. Swali alikuwa beki wa akiba. Kwa kusema kweli alikuwa beki wa benchi, lakini hilo halikumkera, kwa kuwa kwenye benchi alikuwa na nafasi nzuri ya kumtazama kipa wao.

Kipa huyo alikuwa msichana wa darasa la mwisho, mrefu, mpole nje ya uwanja na mkali ndani yake. Walimwita Ukuta. Alipogonga ardhi kwa gongo lake mbele ya lango, washambuliaji wa timu nyingine walianza kupiga mipira nje wenyewe.

Siku hiyo Ukuta hakuwapo. Kocha, ambaye pia alikuwa mwalimu wao wa hisabati, aliwakusanya pembeni mwa uwanja na kuzungumza polepole, kama anavyofanya anapoeleza hesabu ngumu.

"Ukuta amesimamishwa," alisema. "Hatavaa jezi wala kushika gongo mpaka mimi na daktari turidhike. Yeye na mama yake wameniruhusu niwaambie sababu, ili msisikie ya mitaani yaliyotiwa chumvi."

Akawaeleza. Mwaka uliopita Ukuta aliumia bega, akapewa vidonge vikali vya kutuliza maumivu. Bega lilipona, lakini yeye hakuweza kuviacha vidonge. Alivinunua kwa siri dukani, na alipovikosa alichukua vya wengine. Katika mechi iliyopita, vidonge vilivyopotea kwenye sanduku la huduma ya kwanza la timu ya wageni vilikutwa ndani ya glavu yake.

"Hali hiyo inaitwa uraibu," kocha alimaliza.

Swali aliinua mkono. "Mwalimu, kama bega limepona, kwa nini asiache tu?"

Wengine walicheka chinichini. Kocha hakucheka. Alijikuna kichwa, akatazama chini, kisha akasema, "Hilo siwezi kulijibu vizuri. Mtafute anayejua. Lakini kwanza vaa kinga za miguuni. Kuanzia leo wewe ndiye kipa."

"Mimi?"

"Wengine wote mpira ukija wanafumba macho. Wewe hufumbi, maana unataka kuona unavyozunguka."

Kinga za Ukuta zilimpwaya Swali, na kofia ya kipa ilimfunika mpaka akaonekana kama sufuria lenye miguu. Alifungwa mabao mengi kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuyahesabu. Walipokuwa wakivua viatu, maneno yakaanza.

"Mwizi ni mwizi," alisema nahodha. "Ametuaibisha. Tumsahau, tusonge mbele."

"Tusonge mbele kwenda wapi, na mechi ya kombe imekaribia?" alidakia Redio, winga ambaye mdomo wake ulikimbia kuliko miguu. "Mimi nina wazo. Ndani ya kofia ya kipa nani anaonekana uso? Ukuta avae jezi ya Swali, Swali akae nyumbani awe na mafua. Refa hatajua."

Wengine walinong'ona kwamba wazo si baya. Nahodha alitikisa kichwa kwa hasira, akaondoka.  Kichwani mwa Swali lilikuwa likizunguka swali moja tu, lile ambalo kocha alishindwa kulijibu. Nani angejua jibu lake kuliko Ukuta mwenyewe?

Kesho yake baada ya shule alikwenda kwao. Mama yake Ukuta alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele katikati ya vitambaa vya kila rangi.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mama yule aliinua uso uliochoka. "Wewe ndiye wa kwanza kufika kutoka shuleni. Yuko uani. Usishangae akikujibu vibaya, hizi siku si yeye."

Ukuta alikuwa ameketi kwenye ngazi ya uani. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa sweta zito, na bado alitetemeka huku jasho likimtoka usoni. Alimtazama Swali.

"Umekuja kuniangalia nilivyo?"

"Nimekuja uniambie namna ya kukaa langoni," alisema Swali. "Jana nilifungwa mpaka nikaona haya."

Kidogo Ukuta alitabasamu. Alisimama, akachukua kibao cha kufulia kama gongo, akamwonyesha. "Unaungoja mpira ufike. Usiungoje. Mtazame mpigaji bega. Bega lake likigeuka, mpira utafuata huko huko. Na usikae ndani ya lango kama mtu aliyealikwa. Toka nje, umpunguzie nafasi."

Walifanya mazoezi pale uani kwa mpira wa matambara. Swali alishangaa jinsi jambo lilivyokuwa rahisi mtu akilieleza. Kisha Ukuta akachoka ghafla, akakaa chini na kujikunja.

"Ukuta," aliuliza Swali, "kuvikosa vidonge kukoje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walikuwa wamemuuliza kwa nini. Ukuta alifikiri kabla ya kujibu.

"Umewahi kuzamisha kichwa kwenye maji, pumzi ikakuishia? Mwili mzima unakupigia kelele utoke juu uvute hewa. Basi ndivyo. Halafu watu wamesimama ukingoni wanakuuliza kwa nini usikae tu huko chini."

 Lilikuwa jibu, tena jibu zuri kuliko alivyotarajia Swali, lakini lilimtia baridi.

Ukuta akasogea karibu, akashusha sauti. "Nyumbani kwenu mna kabati la dawa. Bibi yako anapewa vidonge vya magoti, najua. Niletee viwili. Viwili tu, nilale usiku mmoja, kisha naacha kabisa. Usimwambie mtu. Wewe ndiye rafiki pekee aliyekuja."

"Sawa," alisema Swali, kabla hajajua kwamba amesema.

Alirudi nyumbani mbio. Shangazi alikuwa bado kazini, baba pia, na bibi alikuwa akisinzia kitini. Swali alifungua kabati, akakuta vidonge vimepangwa kwenye karatasi yake ing'aayo. Alitoa viwili, akavitia mfukoni.  Alijiambia kwamba ni viwili tu, kwamba bibi hatavikosa, kwamba rafiki ni rafiki.

Alipofika mlangoni akasimama. Viwili, kisha anaacha. Lakini kama viwili vinaweza kulimaliza jambo, vile vya wiki iliyopita vilishindwaje kulimaliza? Na vile vya mwezi uliopita? Aligeuza swali hilo huku na huku, na kila lilivyogeuka lilikuwa na sura ile ile mbaya. Hakuweza kwenda mbele, wala hakuweza kurudisha vidonge na kujitia hamnazo, kwa sababu Ukuta alikuwa bado amejikunja pale uani akimngoja. Akaketi kizingitini.

Shangazi alimkuta hapo hapo. Swali alitoa vidonge mfukoni, akamwekea mkononi.

"Shangazi, nina swali."

"Naliona," alisema shangazi. Hakupaza sauti. Alivua viatu vyake, akaketi kando yake. "Haya."

"Mtu akisema anataka viwili tu, kisha ataacha, anadanganya?"

Shangazi alivigeuza vile vidonge. "Mara nyingi hadanganyi. Wakati anasema, anaamini kabisa. Ugumu uko hapo. Mwili wake umevizoea, na ubongo umejifunza kuvidai kama tumbo linavyodai chakula. Unadai mpaka mtu hafikiri kitu kingine. Huo ni ugonjwa, Swali, na una matibabu. Lakini huwezi kuutibu kwa kujikaza kisabuni peke yako chumbani. Kuacha ghafla bila msaada kunaweza hata kumdhuru."

"Kwa hiyo hana kosa?"

"Alichukua dawa za watu. Ugonjwa unatueleza kwa nini alizichukua, haufanyi zile dawa ziwe zake. Hilo atalijibu. Na wewe utakwenda kumwambia bibi ulifungua kabati lake."

Swali aliinamisha kichwa. "Nimemwahidi kwamba sitamwambia mtu."

"Nikikuambia nyumba yangu inaungua, tafadhali usimwambie mtu, utafanyaje?"

"Nitaita majirani."

"Basi vaa viatu. Ukitoka kwa bibi, tunakwenda."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba amefanya vibaya kuvitoa na vizuri kutofika navyo. Kisha wakaenda. Ukuta alipowaona wawili wakiingia, alielewa mara moja. Uso wake ulibadilika.

"Nilikuamini," alimwambia Swali, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mama yake alisimamisha cherehani. Kumbe naye alikuwa amejaribu kila njia aliyoijua: alimfungia ndani, alimgombeza, alimbembeleza, na majirani aliwaambia binti ana malaria. Shangazi alimweleza kwamba katika hospitali kubwa kuna kliniki ya watu wenye uraibu, yenye daktari na mshauri, na kwamba wanapokea hata vijana wadogo. Mama alilia kidogo, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, akauliza wanafungua saa ngapi. Asubuhi mama na binti walikuwa njiani kwenda hospitali, na kwa wiki nzima iliyofuata Ukuta alimgeuzia Swali kisogo.

Swali hakula vizuri siku zile. Alikuwa amefanya jambo lililo sawa, na hakujua kwamba jambo lililo sawa linaweza kuuma namna hiyo.

Katika mazoezi, Redio alikuwa bado akilipigia debe wazo lake la kofia. Swali alichoka kusikia. Kocha alipopita, akamwuliza mbele ya wote, "Mwalimu, mchezaji aliyesimamishwa bado ni wa timu yetu, au si wetu tena?"

 Kocha aliona kwamba swali hilo halikuwa la kujibiwa kwa kupita, akamwalika shangazi wa Swali aje Ijumaa. Alikuja na gauni lake jeupe, akaketi nao kwenye nyasi, akasema waulize chochote.

Waliuliza mengi. Je, uraibu unaambukiza? Hapana. Je, mtu mwema anaweza kuupata? Anaweza, na mara nyingi unaanza na dawa halali iliyotumiwa kupita maelekezo ya daktari. Je, akiwa amekunywa vidonge anaweza kudaka?

"Anasinzia akiwa macho wazi," alisema shangazi. "Mpira wenu ule mgumu utamfikia kabla hajajua umepigwa. Anayetaka kumficha ndani ya kofia acheze, anamtakia mema, lakini anampeleka kuumia. Tena anamfundisha kwamba kuficha ndiyo njia."

Redio alitazama kamba za viatu vyake.

 Ndipo nahodha akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba radhi wale wageni. Yeye alikuwa ameketi kwenye basi. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote, ndiyo maana nina hasira. Mnataka tumwonee huruma, basi yaishe?"

"Hasira yako ni ya haki," shangazi alimjibu. "Sijasema yaishe. Kumsimamisha ni sawa. Kumsahau ndiko kubaya. Mtu akiwekwa kando na kila mtu, anabakiwa na kitu kimoja tu cha kumliwaza, nacho mnakijua."

 Nahodha akasema kwamba katika hali hiyo, Ukuta atakapopata nafuu aende mwenyewe kuwaomba radhi wale wageni, na yeye nahodha atafuatana naye. Wengine wakaongeza yao. Sanduku la dawa likae kwa kocha. Mtu yeyote asimpe Ukuta kidonge hata akiomba kwa machozi, na akiomba, aambiwe mtu mzima siku hiyo hiyo. Habari zake zisizungumzwe sokoni. Na kliniki ikimruhusu, aje mazoezini, asimame na wenzake bila gongo wala jezi. Redio alijitolea kumpelekea masomo yaliyompita, akaahidi kuongea kidogo, ahadi ambayo hakuna aliyeiamini.

Ukuta alikuja baada ya muda, amekonda, akasimama nyuma ya lango akishika wavu. Hakumsalimia Swali. Lakini mazoezi yalipopamba moto, sauti ikatoka nyuma ya wavu.

"Toka nje. Umekaa kama mgeni."

Swali akatoka nje, akaupangua mpira.

Mechi ya kombe walifungwa. Si kwa aibu, ila walifungwa, na Redio alilia zaidi ya wote. Kabla ya mchezo Ukuta na nahodha walikuwa wamekwenda pamoja kwenye chumba cha timu ile iliyoibiwa, kwa kuwa nayo ilikuwa inacheza hapo siku hiyo. Walichosema humo hawakumsimulia mtu. Walitoka macho mekundu, wakaketi benchi moja.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri, na kila mtu alianza kudhani yamekwisha. Ndipo siku moja Ukuta akafika mazoezini akiwa na uso kama wa mtu aliyekesha, akamwomba kocha ruhusa ya kusema.

"Juzi nilinunua kidonge, nikakinywa," alisema. "Nimewaambia kliniki. Nimemwambia mama. Sasa nawaambia nyinyi, kabla hamjasikia kwa mtu."

 Swali alimtazama nahodha, akiogopa atakachosema. Nahodha alikuwa akizungusha gongo lake mkononi.

"Umekuja kusema mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe."

"Basi kasimame nyuma ya lango umrekebishe Swali. Tangu juzi anaacha kona ya kushoto wazi, anatutia presha."

Kocha alisema kwamba kurudi uwanjani kutasogezwa mbele, na Ukuta akaitikia bila kunung'unika. Alikwenda nyuma ya lango. Muda mrefu Swali alisikia pumzi yake tu. Kisha Ukuta akasema kwa sauti ya chini, "Siku ile ungeniletea vile viwili, leo nisingekuwa na wa kumwambia. Ningejua kwamba nanyi mnaweza kudanganywa."

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Tazama mpira."

Muhula uliofuata, kliniki iliandika kwamba imeridhika, na kocha naye akaridhika. Ukuta alivaa jezi tena. Swali alirudi kuwa kipa wa akiba, cheo ambacho alikiona kikubwa kuliko beki wa benchi. Siku ya mechi ya kwanza shangazi alikuja moja kwa moja kutoka zahanati, akakaa karibu naye.

"Shangazi, sasa amepona?"

"Anaendelea kupona," alisema shangazi. "Ataendelea kwa muda mrefu, na siku nyingine zitakuwa nzito. Lakini nataka mkumbuke mlichofanya, wewe na wenzako. Mngeweza kumfukuza, na mngeweza kumfichia. Njia zote mbili ni nyepesi, na zote zingempoteza. Nyinyi mlimwambia ukweli, na mlipokwisha kumwambia hamkuondoka. Mwenzako akiugua ugonjwa huu, usimpe anachokililia, na usimpe kisogo. Mtafutie mwenye ujuzi wa kumtibu, kisha ukae naye."

Refa alipuliza filimbi. Ukuta aligonga ardhi kwa gongo lake, akatoka mbele ya lango kumkabili mshambuliaji wa kwanza aliyekuwa akija mbio na mpira.